Chui Aliyemkimbilia Baba

Nilikuwa nakamua ngamia huku bondeni simu ilipolia. Alikuwa Ghasib, jirani yetu wa mlimani.

"Amri, mwanangu, baba yako ametangulia. Kaswali alfajiri, kaegemea ukuta, basi."

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilikaa chini, maziwa yakamwagika.

Baba yangu, Musallam bin Mahad, alifuga mbuzi katika milima ya Dhofari, kusini mwa Omani, maisha yake yote. Shule hakuiona, lakini akitazama unyayo wa ngamia alikwambia ni wa nani na kama ana mimba.

Miaka tisa iliyopita, msimu wa ukungu, chui jike mwenye jeraha la mguu aliingia katika pango letu la mbuzi. Ghasib, aliyekwisha kupoteza mbuzi saba kwa chui huyo, alikuja na bunduki. Baba akaziba mlango wa pango kwa mwili wake.

"Toka hapo, Musallam."

"Amenikimbilia. Yuko katika hifadhi yangu."

"Chui? Mzee, ukungu umekuingia kichwani!"

"Kala mbuzi wangu wawili humu ndani. Mtu akishakula kwako si mgeni?"

"Na wangu saba je?"

"Huko alikuwa mwizi. Hapa ni mgeni."

Kwetu, anayevunja hifadhi ya mwenzake huaibisha ukoo mzima. Ghasib aliondoka akitukana mpaka ukungu ukammeza.

Baadaye vijana wa idara ya wanyamapori walipanda kutoka mjini Salala na kamera zao za kufunga mitini. Baba aliwacheka. "Hiyo ni njia ya punda, wanangu. Mtapata picha za masikio." Akawaonyesha alikopita chui. Picha zilipotoka alimwita Ghasib: "Njoo umwone mwizi wako, ana watoto wawili!" Ghasib alitazama, akaomba kutazama tena, na tena. Tangu hapo wakawa wanazikagua kamera pamoja, wakibishana njia nzima.

Ila Ghasib hakuacha kusema: "Nakuheshimu wewe, si yeye. Hifadhi hufa na mwenyewe." Ni kweli, ndiyo mila yetu. Baba alikuwa akicheka. Lakini kila Ramadhani aliniambia hofu yake ni hiyo tu: akifa, bunduki zitapanda mlima.

Tulimzika siku ile ile, baada ya alasiri. Ghasib aliingia kaburini pamoja nami, tukampokea, tukamlaza ubavu wa kulia kuelekea kibla. Tulipokwisha kufukia, Ghasib alisimama mbele ya watu, mikono imejaa udongo.

"Nilichokuwa nikisema mnakijua. Basi sikieni: chui wa Musallam na kizazi chake wako katika hifadhi yangu tangu sasa. Atakayeliwa mbuzi aje anitukane mimi."

"Tutakutukana vizuri, Abu Salim!" mtu mmoja akamjibu Ghasib kwa jina lake la heshima, na watu wakacheka kwa sauti ya chini, machozi yakiwatoka.

Tulimwombea baba uthabiti wa kujibu maswali ya kaburini, tukamtolea salamu, tukashuka.