Nani Atamwosha Bi Talat

Bi Talat aliosha maiti wa kike wa mji wetu kwa muda mrefu mpaka watu walipokutana naye sokoni wakawa wanabadilisha njia. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na duka langu la mapazia liko chini ya nyumba yangu, kwa hiyo nilijionea kila siku: mama mtu mzima kabeba mfuko wa vitunguu, na wanawake aliowaoshea mama zao wanajifanya hawajamwona. Chai yake walikuwa hawanywi. Mimi nilikunywa, si kwa wema wangu, ila kwa sababu alijua kuipika, na sikuona kwa nini nikae na kiu kwa upuuzi wa watu.

Mumewe alifia kiwandani Arak mtoto wao akiwa bado ananyonya. Mtoto huyo wa pekee, wa kiume, waliyemwita Mozaffar, ndiye aliyekuja kuwa Mahrokh, jina la kike. Yaliyotokea katikati ni marefu na machungu, sitayasema yote. Madaktari walimhoji, tume ikamhoji, mwishowe jaji akampa kibali cha kufanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia, na kwa kibali hicho akaanza kuvaa koti refu na mtandio bila askari kumgusa. Lakini kitambulisho kilibaki cha mwanamume, mpaka apasuliwe. Miaka yote hiyo mama yake alimpikia na kumfulia, ila hakumsemesha zaidi ya "kula" na "funga mlango". Jina jipya hakulitamka hata siku moja. Mahrokh alikuwa anashona kwangu, na siku nyingine machozi yakidondokea kitambaa cha mteja namfokea: "We, hiyo mahameli haifuliki! Hamia kwenye pamba ukalie huko." Basi anacheka, kazi inaendelea.

Vuli moja Bi Talat akaanza kugeuka rangi ya manjano. Saratani ya kongosho, walisema, na walivyosema hawakumpa matumaini ya kufika majira ya joto. Wiki ileile akaingia dukani kwangu, yeye ambaye alikuwa haingii akiogopa kunifukuzia wateja. Akakaa kwenye kiti cha kupimia.

"Zima hiyo cherehani, wewe," akamwambia mwanawe.

Mahrokh akazima.

"Unakuwa mwanamke lini?"

"Nishakuwa, mama."

"Hayo mtaongea wewe na Mungu wako. Mimi nakuuliza kwa serikali. Lini utaweza kuingia kule kwetu, chumba cha kuoshea, na asiwepo mtu wa kukutoa?"

Mahrokh akanitazama mimi, kama vile mimi ndiye jaji. Mimi nikatazama mapazia.

"Nimeosha wenye mabinti na wasio na mabinti," Bi Talat akasema. "Mwenye binti, binti anakuja, anammwagia maji, anamwita mama. Asiye naye anaoshwa na Sediqa, huku Sediqa anasimulia ugomvi wake na mawifi. Miaka yote nafanya naye kazi, nimeyasikia ya kutosha. Sitaki niende kaburini na habari za mawifi wa Sediqa. Nataka unioshe wewe."

Mahrokh akainama, mabega yanatikisika.

"Usinililie," mama yake akasema. "Nina haraka."

Hivyo ndivyo Bi Talat alivyomkubali mwanawe. Niliwahi kumsimulia mtu, akasema ni ubinafsi wa mgonjwa. Nikamwambia anipishe, nina kazi.

Tatizo lilikuwa zamu. Mahrokh alikuwa amejiandikisha Tehran kwa operesheni moja kubwa, ya kubadilisha kila kitu, na zamu yake ilikuwa bado mbali. Tukaenda wote wawili kwa daktari wake, mwanamke mmoja mwenye miwani anayeitwa Foruhar, ambaye hamung'unyi maneno.

"Tunaweza kufanya kwa hatua mbili," daktari alisema. "Sasa hivi nitoe korodani peke yake. Ni kazi ndogo, kesho yake unarudi kwenu. Zamu yako ikifika tunamalizia yaliyobaki. Mwanasheria wako anasema jaji wa kwenu ameshawahi kuikubali hatua hiyo, akabadilishia mtu kitambulisho. Daktari wa mahakama atakukagua tu kwanza."

"Na mwili wangu?" Mahrokh akauliza.

"Vile vidonge vya kuzuia homoni ya kiume utaviacha, na hiyo ni afadhali kwako, vinakuchosha. Ila sikiliza na mabaya yake. Mtoto wa damu yako hutapata tena, kabisa. Na ngozi ya pale ndiyo ninayoitumia baadaye kutengenezea uke. Ikikaa sana inasinyaa. Ukichelewa kurudi, itabidi nichukue ngozi ya mahali pengine, na hapo matokeo siwezi kukuahidi."

"Wenzangu waliofanya hivyo wanasemaje?"

Daktari akavua miwani. "Mmoja aliridhika, akaishia hapo, anaishi vizuri tu. Mwingine ananipigia simu analia kwamba amebaki nusu. Wewe ni yupi, sijui. Mama yako naye hajui. Nenda ukafikiri."

Tulipokuwa tunarudi, basi lilisimama njiani abiria wanywe chai. Mahrokh aliishika bilauri yake mpaka ikapoa.

"Bi Akhtar, mimi nilishajipangia. Nilitaka nilale mara moja, niamke nimemaliza. Sikutaka kuishia katikati."

"Basi usifanye."

"Na mama?"

"Mama yako ataoshwa. Mji ule hajazikwa mtu bila kuoshwa."

"Unajua watu wamekuwa wakiniuliza nini miaka yote? Unafanya kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya shetani, kwa ajili ya kukwepa jeshi, kwa ajili ya mwanamume fulani? Na mimi nawajibu, kwa ajili yangu. Leo nimejiuliza mwenyewe, nimekosa jibu."

Nilimhurumia mpaka nikakasirika. Nikamwambia anywe chai yake, dereva ameshapiga honi.

Alikaa na jambo hilo moyoni wiki baada ya wiki. Theluji ikaanguka, Bi Talat akapungua, akawa anashuka ngazi kwa makalio kama mtoto. Mahrokh alikuwa anashona mapazia ya watu kinyume, ndani nje, na mimi nayafumua kimyakimya. Siku moja aliingia jikoni kwao akamweleza mama yake yote, kuanzia vidonge hadi ngozi, wala hakuficha. Mimi nilikuwa pale nachambua dengu.

"Ukishafanya, utajuta?" Bi Talat akauliza.

"Huenda."

"Basi acha. Kwangu mimi usifanye. Sitaki kufa nikijua nimekukata kabla ya wakati wako."

"Si umesema mwenyewe nikuoshe?"

"Nilisema. Sasa nasema acha. Sediqa ataniosha, nitaziba masikio."

Tukacheka, hata yeye, akashika tumbo kwa maumivu. Na kesho yake asubuhi Mahrokh akampigia simu daktari Foruhar, akaomba tarehe. Nilimuuliza amerukwa na akili au vipi. "Aliponiambia niache ndipo nilipojua nataka," akanijibu. "Kiasi gani ni kwa ajili yake na kiasi gani ni kwa ajili yangu, nimechoka kupima." Kama kuna mtu anajua jibu bora kuliko hilo, aje anieleze.

Nilimpeleka mimi, nikamrudisha mimi. Alitembea kama mtu anayepita kwenye barafu, na kwenye basi alikalia mto wenye tundu katikati niliomshonea, abiria wa nyuma akamuuliza kama amejifungua. "Bado," Mahrokh akasema, akageukia dirishani. Kicheko kilinibana hadi Arak, na baada ya hapo kilio.

Nyumbani tulimkuta Bi Talat amesimama jikoni, amejishikilia kwenye sinki, anakoroga supu ya shayiri. Aliyekuwa hawezi kushuka ngazi! Akaimimina kwenye bakuli, akaiweka mbele ya mwanawe.

"Mahrokh, kula, inapoa."

Alilitamka hivyo tu, kama jina ambalo amelizoea tangu zamani. Mahrokh alikula bakuli zima bila kuinua uso.

Kilichobaki kilikuwa ni daktari wa mahakama. Lakini mwaka ulikuwa unaisha, na mtu yeyote wa kwetu anajua mwisho wa mwaka ofisi zinakuwaje: karani ameshaanza kununua karanga na samaki wa Noruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya, kila faili ni "baada ya Noruzi, inshallah". Mahrokh alibembeleza, alionyesha vyeti vya mama yake, akalia kwenye ngazi za ofisi. Wakampa tarehe ya baada ya Noruzi. Kitambulisho kilikuja kutoka mwezi uliofuata, na niseme sasa hivi yaishe: kipya, jina Mahrokh, jinsia mwanamke, amekitia kabatini na hajakitazama tena.

Bi Talat alifariki katikati ya sikukuu, wakati watu wakitembeleana na visahani vya pipi.

Kule makaburini, kwenye mlango wa chumba cha kuoshea, alikuwa amesimama Ghodrat, kaka yake Bi Talat, aliyekuwa hajakanyaga nyumba ya dada yake tangu Mahrokh avae mtandio. Alikuwa na fimbo, nyonga yake ina chuma ndani.

"Huyu haingii," akasema. "Kitambulisho chake kinasema mwanamume. Dada yangu haoshwi na mwanamume."

Sediqa alitoka na aproni yake ya mpira, macho mekundu. Alimkumbatia Mahrokh palepale, mbele ya Ghodrat.

"Mwanangu, ningekuwa mimi peke yangu ungeingia. Lakini msimamizi yuko ndani, na mjomba wako ataapa mbele ya watu kwamba mama yako kaoshwa kinyume cha sheria. Unataka hivyo?"

"Wiki mbili tu," Mahrokh akasema. "Ningekuwa na wiki mbili tu, dada Sediqa."

"Najua."

Mimi waliniruhusu. Mimi, jirani muuza mapazia, nisiye na undugu wowote na marehemu, nilikunja mikono ya koti nikaingia, nikashika jagi. Maji ya mkunazi, maji ya kafuri, maji matupu. Sediqa hakusema neno hata moja kuhusu mawifi. Kulikuwa na maiti wengine wanangoja, msimamizi anatuhimiza, tukamvika sanda harakaharaka. Nilipotoka Mahrokh alikuwa ameegemea ukuta kwa nje, sikio kwenye matofali. Nilishindwa kumtazama.

Kaburini sheikh akauliza, "Maharimu wake nani, jamaa wa kiume asiyeruhusiwa kumwoa? Ashuke ampokee."

Ghodrat akalitazama shimo, akaitazama fimbo yake. Yeye alizaa mabinti watupu. Mzee mmoja mwema akasema yeye atashuka, kwa dharura inafaa.

"Mtu baki hamshiki dada yangu!" Ghodrat akasema. Akageuka, akatafuta kwa macho upande wetu wanawake. "Mozaffar! We Mozaffar! Njoo umpokee mama yako."

Nilimshika Mahrokh mkono. "Usiitike," nikamnong'oneza. "Una mshono mbichi. Asubuhi amekufukuza, sasa akuite hivyo? Usimpe raha hiyo."

Mahrokh alivua chadori, lile shuka jeusi alilojifunika juu ya mtandio, akaniwekea mikononi.

"Naam, mjomba," akasema.

Akapita katikati ya wanaume wote, mkono mmoja chini ya tumbo, akashuka. Niliona anauma meno mguu ulipogusa chini. Wakampa mama yake. Akampokea kwa mikono miwili, akamlaza ubavu wa kulia, akafungua sanda usoni, akaliweka shavu la mama yake kwenye udongo. Sheikh akaanza kusoma talakini, maneno ya kumkumbusha maiti imani yake, na kila alipofika kwenye jina akamwashiria, Mahrokh akalitikisa bega la mama yake, taratibu, kama anayemwamsha asichelewe kazini. Sikia, Talat. Fahamu, Talat. Mimi nililia kwa sauti na sikujali nani ananitazama.

Talakini ikaisha. Mahrokh akapitisha vidole chini ya kitambaa cha kichwani cha marehemu.

"Toka sasa," Ghodrat akasema. "Watu wanangoja."

Mahrokh akainua uso, hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Bi Akhtar, nywele zake zimelowa. Hamkumkausha."

Kisha akavua mtandio wake, mbele ya wanaume wote wale, akapiga magoti kichwa wazi, akaanza kumkausha mama yake nywele. Ghodrat akamwambia tena atoke. Hakutoka mpaka alipomaliza.