Betri Zilizokataliwa na Saa

Katika nyumba ya mama mkubwa, dada yake mama yangu, kule Mgeta, betri ilikuwa na safari yake. Ikiwa mpya ilikaa kwenye tochi. Tochi ilipoanza kutoa mwanga wa rangi ya chai, betri ilihamia redioni. Redio ilipokoroma, betri ilianikwa juani juu ya jiwe, ikarudi redioni kwa siku chache, kisha ikamalizia maisha yake kwenye saa ya ukutani. Saa iliposimama, hapo ndipo betri ilipotupwa. Nimeandika programu nyingi tangu wakati ule, lakini ninayoionea fahari kuliko zote niliiandika kwa ajili ya betri hizo za mwisho.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Kiwanda nilimokuwa fundi umeme mjini Morogoro kiliuzwa, wengi tukapunguzwa, nami nikafungua kibanda cha kutengeneza redio. Vitu vya nje vilimiminika: tochi ndogo, redio za mkononi, saa za plastiki, vyote vikitumia betri nyembamba za aina moja. Kompyuta za mtumba nazo zilifika. Nilijinunulia moja, na kutoka duka moja la Dar es Salaam nikapata chipu kadhaa za kuandikiwa programu. Chipu ya namna hiyo ni kompyuta nzima iliyo ndogo kama ukucha, isiyo na kioo wala vitufe. Unaiandikia maagizo kwenye kompyuta kubwa, unayapitisha kwa waya hadi ndani yake, nayo inayafuata mpaka utakapoyabadilisha.

Mama mkubwa alikuwa mtunza tangi la maji la kijiji. Tangi lilikuwa juu mlimani, koki ikiwa chini, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Kazi yake ilikuwa kujua limejaa lini, afungue koki, maji yashuke kwenye matuta ya kabichi ya mwenye zamu. Lakini ili ajue, ilibidi apande. Mtu aliwahi kufunga kitambaa chekundu juu ya boya lililoelea ndani ya tangi ili kionekane kutoka chini, ila ukungu wa Mgeta ulikificha nusu ya siku. Goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua. Tangi likafurika mara mbili na kubomoa matuta ya jirani, na kamati ya maji ikamwambia wazi kwamba likifurika tena, koki itapewa mtu mwingine. Kazi ile aliishika tangu tangi lijengwe. Aliniomba nimsaidie, na hakuwa mtu wa kuomba.

Nikatandaza waya kutoka kwenye boya hadi nyumbani kwake, nikaufunga kwenye kisanduku chenye chipu. Maji yakijaa, kisanduku kilie. Niliweka na taa nyekundu iwake muda wote, kuonyesha kwamba mambo ni salama. Nikaweka betri mpya, nikashuka mjini nimeridhika.

Niliporudi, kisanduku kilikuwa kimya.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mtambo wako umekufa."

Nikakifungua. Betri zilizokuwamo zilikuwa zimepauka kwa jua. "Hizi siyo nilizoleta mimi."

"Zile ziko redioni. Nitasikiaje matangazo ya vifo? Watu wazikwe bila mimi, halafu utakwenda kuwaeleza wewe?"

"Na hizi ulizitoa wapi?"

"Kwenye saa. Saa imezikataa. Nikasema mgeni labda hachagui chakula."

Nilirudi mjini juu ya lori la kabichi, kisanduku mapajani, nikiyatafakari maneno hayo. Mtambo wowote uliotaka betri mpya katika nyumba ile ungeshindwa na redio, na haki ilikuwa ya redio. Kwa hiyo mtambo wangu ungekula kile ambacho hakuna mwingine anayekitaka.

Betri iliyokataliwa na saa bado ina umeme kidogo, ila haina nguvu ya kuutoa mwingi kwa mkupuo. Kwa hiyo nikaiandika programu upya. Fikiria mlinzi anayelala, anaamka, anachungulia getini, anarudi kulala. Akiwa mlinzi wa kweli ungemfukuza, lakini kwa chipu hiyo ndiyo kazi safi kabisa. Ikiwa macho inakula. Ikilala, inachokula ni kama hakuna. Nikaiagiza ilale, iamke kila baada ya dakika chache, iangalie boya kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho, ilale tena. Taa nyekundu nikaing'oa. Mlio mrefu nikaukatakata ukawa milio mifupi yenye mapumziko, ili betri ivute pumzi. Nikakirudisha kisanduku Mgeta na betri zile zile za saa; kikawa kinalia kama kifaranga, na mama mkubwa akakiita hivyo.

Siku kamati ilipokuja kuamua kama koki ibaki kwake, ukungu ulikuwa mzito. Mwenyekiti alikifungua kisanduku, akazitoa betri, akazitia kwenye tochi ya mama mkubwa. Haikuwaka.

"Mama, hizi ni maiti."

"Zirudishe ulipozitoa."

"Tangu lini maiti wakalinda maji?"

"Zirudishe, baba. Halafu kunywa chai."

Akazirudisha. Tukanywa chai, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi chumba kile kilivyo kimya saa ya ukutani ikiwa imesimama. Mwenyekiti alikuwa anaanza kusema juu ya mtu waliyemfikiria kwa kazi ile kifaranga kilipolia. Kikanyamaza, kikalia tena.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini, akapanda mlima mwenyewe. Aliporudi suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Tangi limejaa hadi mdomoni," akawaambia wenzake. Kisha akamgeukia mama mkubwa, sauti imeshuka. "Basi mama, nikufungulie koki?"

"Koki ina mwenyewe," akasema, akainuka polepole akishika goti, akatoka.

Sisi wengine tulibaki mlangoni. Hatukumwona kwa ukungu, ila tuliyasikia maji yakiteremka kuelekea kwenye kabichi.