Friji ya Mama Fiston Sebuleni Kwetu

Afadhali niisimulie mwenyewe, kwa sababu hapa Kinama, mtaani kwetu Bujumbura, wanaoisimulia wameshaongeza chumvi mpaka friji zimekuwa mbili na mimi nimekuwa mtu wa kupelekwa polisi. Friji ilikuwa moja. Polisi hawakuja. Lakini aibu ilikuwepo, tena ya mchana kweupe, mlango wazi na watu wamejaa mpaka dirishani, na sitaificha.

Mimi ni fundi wa kushona. Niliacha shule nikiwa darasa la nane, mwaka tulipomzika mama baada ya kumzika baba, nikabaki na cherehani yake, nyumba yake na wadogo zangu wawili, Claver na Kezia, ambao mpaka leo wananiita Yaya, yaani dada mkubwa. Kezia wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sasa ana miaka kumi na moja na ananisahihisha Kifaransa. Kuacha shule nilikujutia, nikamaliza. Hakuna siku waliyolala njaa kabla yangu. (Najisifu, mtanisamehe, nataka tu mjue kwamba aliyefanya ujinga huu si mtu mwepesi.)

Tatizo lilikuwa mabati. Ya upande wa sebule yamechoka, mvua ikinyesha tunapanga mabeseni manne na Kezia anahamisha godoro lake kama mtu anayecheza dama. Nilitaka mabati kumi na mawili kabla ya mvua kubwa, na sikuwa na pesa hiyo kwa mkupuo, nilihitaji mkopo. Zamani hilo lisingekuwa jambo. Kwenye koperative ninakoweka akiba ilitosha uwe na daftari lako na jirani mmoja wa kutia sahihi, na mimi nilikopa pale mara mbili nikarudisha mara mbili. Kisha mambo yakakaza. Bei za kila kitu zilipanda, watu wengi wakashindwa kulipa, na sisi tuliolipa tukatiwa kapu moja na wao. Hata kule Asiatique, mtaa wa maduka, ninakonunua vitambaa tangu enzi za mama, Mzee Saidi aliyekuwa ananipa jora zima kwa neno tu alibandika karatasi ukutani kwamba mkopo hakuna, na nilipomtazama usoni akasema, "Binti yangu, mi sikunyimi. Wanaoniletea mali nao hawanipi tena mpaka waone pesa. Sasa mi nikupe nini?"

Masharti mapya ya koperative yalikuwa mawili. La kwanza, mdhamini mwenye mshahara wa kila mwezi. Huyo nilimpata Kiriri, mtaa wa wenye nacho kule mlimani, mama mmoja mwenye kazi ya ofisini ninayemshonea mapazia. Alisoma karatasi mara tatu, akatia sahihi, akasema, "Gode, jina langu liko hapa. Usinitie aibu." Nikamwambia alale usingizi. (Maneno hayo nayakumbuka kila nikiona pazia.)

La pili, afisa aje nyumbani, aangalie vitu vyako, aviandike, ili ukishindwa kulipa waje wavichukue. Nikasimama katikati ya sebule nikahesabu: mabenchi mawili, meza, cherehani, msalaba ukutani na kalenda ya mwaka juzi.

"Sasa hapa wataandika nini?" nikamuuliza Claver.

"Waandike mabeseni, Yaya. Yako manne."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi ambao niliuona mdogo. Mama Fiston, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, ana friji, na kwa friji hiyo anauza maji baridi na juisi, ndiyo inayolisha nyumba yake. Nikaenda kumwomba aniazime kwa masaa mawili tu, afisa akiondoka inarudi. Alifuta mikono kwenye kitenge chake ingawa haikuwa na maji.

"We unaitaka kabisa hiyo friji?"

"Masaa mawili, Mama Fiston."

"Haya. Lakini mi nakuja nayo."

Nikadhani anaogopa tutaikwaruza.

Wanaume wanne waliibeba asubuhi, na kwa kuwa mlango wake na wetu haupitani walizunguka nayo barabara nzima, kila mtu akauliza, kila mtu akajibiwa. Ilipofika ndani nikaona kosa: friji nyeupe vile kati ya mabenchi yale ilikuwa kama bibi harusi aliyepotea njia akaingia gereji. Basi nikaenda kwa Mzee Hamadi, dereva mstaafu wa malori, nikaazima kochi lake. Mzee Hamadi akatoa kochi, akatoa na televisheni bila kuombwa, akisema kochi bila televisheni ni la msibani, kisha naye akaja akakaa juu ya kochi lake. Nilimwambia anaweza kwenda kupumzika. Akanijibu kwamba hapo ndipo anapopumzikia kila siku. Mabenchi tukayatoa nje, mabeseni tukayasukuma chini ya kitanda, na nilipochungulia angani niliona mawingu yamejikusanya upande wa ziwani, nikajiambia yatasubiri.

Afisa alikuja kwa miguu, maana mafuta ya pikipiki yao yalikuwa yamekosekana wiki nzima. Msichana wa rika langu, jina lake Nadège, viatu vimejaa vumbi, faili kifuani. Akaangalia kochi, televisheni, friji, akanitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Amahoro. Ni kwa Godelieve hapa?"

"Ni hapa, karibu."

"Na hawa?"

Mzee Hamadi alikuwa amekaa kwenye kochi. Mama Fiston alikuwa amesimama, mgongo kwenye friji, mikono nyuma, kama mtu anayezuia mlango.

"Ni familia," nikasema.

"Kwenye dosye umeandika muko wayatima, hamuna mutu."

"Huyu ni baba mudogo."

Mzee Hamadi, ambaye ndiyo kwanza anapata habari hiyo, akaweka sawa kofia yake ya sala akasema, "Alhamdulillahi." Nadège akaangalia kofia, akaangalia msalaba ukutani, akaandika kitu kirefu.

Kisha akaomba maji, kwa sababu alikuwa ametembea. Kezia, mtoto mwenye adabu, akachukua kikombe, akapita mbele ya friji bila hata kuitazama, akaenda kuchota kwenye bidoni, lile dumu letu la maji, pembeni.

"Friji haiko na maji?" akauliza Nadège.

"Umeme haupo toka asubuhi," nikajibu upesi, na mpaka hapo hilo lilikuwa jambo pekee la kweli nililomwambia.

Akanywa. Akaandika kochi, akaandika televisheni, kisha akasema ya friji anataka namba ya kiwanda, iko nyuma, akaomba tuigeuze.

"Nyuma kuko buibui," akasema Mama Fiston, bila kusogea.

"Buibui haniogopeshi, mama."

"Ni kubwa."

Ndipo mvua ilipoanguka, na mvua ya Bujumbura haibishi hodi. Tone la kwanza likapiga televisheni. La pili likampiga Mzee Hamadi kichwani. Akainuka, akasahau ubaba mdogo wote, akaita nje, "Vijana, toeni televisheni yangu. Na kochi langu, haraka, hapa kunavuja kama nje." Wale waliobeba asubuhi walikuwa bado mlangoni (walisubiri soda niliyowaahidi), wakaingia wote kwa pamoja, na watu waliokuwa dirishani wakaingia nyuma yao kukimbia mvua, huyu anavuta kochi, yule amekumbatia televisheni, na wengine wawili, kwa wema tu, wakamsogeza Mama Fiston kando wakaisukuma friji kwenye upande mkavu. Ikazunguka. Mgongo wake ukatugeukia.

Hapakuwa na buibui. Palikuwa na namba, kubwa, ya rangi nyekundu.

Nadège akainama akaisoma, kisha akamtazama Mama Fiston usoni, sasa akimkumbuka. "Hii namba," akasema, "ni mi mwenyewe nimeiandika."

Nikamtazama Mama Fiston. Mama Fiston akatazama sakafu.

"Mama, miezi mbili hatujakuona ukilipa. Na kitu cha dhamana hakitoki nyumbani, tulikuambia. Nikiandika hapa kwamba nimeikuta imehamishwa, wanakuja na gari kuichukua. We unajua."

Kalamu ilikuwa tayari kwenye karatasi. Nilikuwa naweza kukaa kimya. Hata nafasi ilikuwepo ya kusema sijui friji hii imefikaje, na nakiri kwamba kwa muda wa pumzi moja hilo lilinipitia kichwani, kisha nikaona wale watoto wa Mama Fiston mlangoni, wanachungulia kitu kinachowalisha.

"Dada, usiandike," nikasema, na nikasema kwa sauti, kwa sababu ukishaaibika mbele ya mtaa mzima hakuna faida ya kunong'ona. "Friji ni yake, haijauzwa, haijafichwa. Mi nimeiazima ili unione niko na kitu. Kochi ni la Mzee Hamadi, na si baba yangu mudogo. Televisheni yake vilevile. Changu mimi ni cherehani ile, meza, mabenchi mawili yanaloa nje, na mabeseni manne chini ya kitanda."

"Na kalenda," mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

Nyumba nzima ikacheka. Kezia hakucheka. Alitoa mabeseni akayapanga moja moja bila kutazama juu, kila moja chini ya tone lake, kama mtu anayepanga sahani za chakula. Claver akaingiza benchi, akalifuta kwa shati lake, Nadège akakaa, akainua miguu kidogo maji yasimfikie.

"Mbona hukunionyesha hivi toka mwanzo?"

"Hivi mungenipa?"

Akafikiri. Nampenda kwa kuwa alifikiri. "Apana. Hivi tusingekupa." Akafunga kalamu. "Hata mi hawanipi. Niliomba ya kununua kitanda na godoro. Kontra yangu ya kazi ni ya miezi sita, wanataka ya mwaka kwenda juu."

Friji hakuiandika. Alisema kesho yake atapita kwa Mama Fiston na anatumaini kuikuta mahali pake, na yale ya miezi miwili wayaongee huko, wawili. Dosye yangu, yaani ombi langu la mkopo, hiyo aliiandika: imekataliwa, nisirudi kabla ya miezi sita. Wale wanaume wanne waliirudisha friji kwenye mvua chini ya turubai, wakizunguka barabara nzima tena, na soda zao nilizilipa.

Jioni nilimuuliza Mama Fiston kwa nini hakunikatalia tu. "Ningekataa," akasema, "ungeniuliza sababu." Na kweli ningeuliza. Miaka yote ukuta mmoja, tunasikiana mpaka tukikohoa, na kila mmoja anamficha mwenzake kwamba amebanwa.

Kiriri nilipanda mwenyewe kesho yake, kabla habari haijapanda, nikamweleza yule mama wa mapazia kila kitu, pamoja na baba mdogo. Alikasirika, kisha akaniuliza yule mzee alivaa kofia ya rangi gani. Kazi yake bado ninayo.

Mabati nayanunua moja moja. Mteja akilipa sare mbili tatu, naenda kuchukua bati moja, nalibeba kichwani, na watu njiani wananiuliza kama ni langu. Nimeshafikisha tisa. Nilianza na upande wa Kezia, godoro lake halihami tena. Mabeseni matatu yamerudi kwenye kazi ya kufulia, la nne bado liko karibu na kitanda changu, na Claver amelibatiza jina: Mdhamini.

Mwezi uliopita Nadège alikuja, safari hii bila faili. Alileta sketi mbili za kubadilisha zipu na gauni la kupunguza, akazunguka maneno, kisha akasema, "Nitakulipa mwisho wa mwezi, sawa?"

Nikafungua daftari langu la wateja. "Uko na mdhamini mwenye mshahara?"

Akanitazama.

"Na kesho nitapita kwako," nikasema, "kuangalia kama kuko friji."

Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. Jina lake nililiandika, nguo nikazishona, na pesa aliileta kabla mwezi haujaisha. Miezi sita yangu nayo inakaribia kwisha na nitapeleka dosye tena, sijachoka, ila nimejiapiza kwamba sitaazima tena hata kijiko kwa ajili ya mgeni. Wakija watakuta cherehani, mabenchi mawili na beseni moja. Na kalenda, nimenunua ya mwaka huu.