Ndoo ya Bure

Fundi wa umeme wa boti za matanga hasumbuliwi na kutu wala chumvi; neno “bure” ndilo linalompandisha mori. Akilisikia tu, hufuta mikono kwa kitambaa kilekile cheusi, kidole baada ya kidole. Jana, boti ikienda kwa upepo, muuzaji wa mashine ya kuzalisha umeme alimwambia mama mwenye boti, “Maji yanazungusha propela, betri zinajaa bure!” Fundi akafuta mikono, akafunga ndoo kwenye kamba, akaitupa majini nyuma ya boti, akamkabidhi muuzaji ncha ya kamba.

“Shika bure yako, kaka!”

Kamba ikamvuta muuzaji nusura atumbukie.

“Propela nayo inaivuta boti nyuma hivyo hivyo,” fundi akafoka. “Mashine nimeifunga mimi, mama, na ni nzuri. Taa zitawaka, mwendo utapungua. Uongo sikuufunga mimi.”