Masuke ya Mbegu Darini

Sisi tuliozaliwa kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo hatukuona ubao wa kukataza hata mmoja. Tulikatazwa kwa mdomo, na kila katazo lilikuwa na neno lake. Wajukuu zangu wanaosoma Kiingereza huniambia lugha hiyo nayo ina maneno mengi ya kazi hiyo, moja la serikali, jingine la mzazi, jingine la kumzuia mtu njiani, na kwamba kuyatofautisha kunawatoa jasho. Nawaambia wasikate tamaa. Nasi ya kwetu tulijifunza polepole, wengine kwa masikio, wengine kwa mgongo.

Kwetu Mlingotini, mama akisema "Acha," ulijua bado una nafasi. Tulicheza kibe nyuma ya jiko, tukijificha kati ya vyungu vyake, na "Acha" ya kwanza hatukuihesabu kuwa neno. Ikija "Koma," mkono ulikuwa umekwisha kuinuka. Haramu tulifunzwa chuoni pamoja na alifu na be. Hiyo haikuwa ya mama wala ya baba. Marufuku ilitoka kwa liwali, ikapigiwa mbiu mjini. Lakini mwiko ulikuwa wa nyumba, na mama aliutamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Mwiko mkubwa wa nyumba yetu ulikuwa masuke ya mbegu. Kila baada ya mavuno mama alichagua masuke ya mtama yaliyojaa, akayafunga mafungu, akayatundika darini juu ya mafiga ili moshi uyakinge na wadudu. Hata kuyanyooshea kidole hatukuthubutu, kwa kuwa tuliambiwa kidole kitapinda. Mtoto wa siku hizi ukimwambia hivyo atakuuliza ni kidole cha nani kilichowahi kupinda. Sisi tulivikagua vyetu kila asubuhi.

Ukaja mwaka ambao mvua zilitupita pembeni. Mtama ukaisha ghalani. Tulikula kaa wa mikokoni na majani ya kunde, tukalala chali tukiyatazama masuke yaliyojaa masizi. Kaka yangu Shomari aliomba konzi moja tu.

"Mwiko, baba," mama akamwambia. "Ukila hayo umekula na mwakani."

Siku hizo jirani yetu Bi Tatu alijifungua mtoto wa kike, na maziwa hayakutoka. Mama mkwe wake akaja akapiga hodi.

"Mwenzangu, kile kichanga kinalia kama paka. Mama yake hana hata tone. Sikuja kuomba, nimekuja kukupa habari tu."

"Habari haziletwi kwa kibakuli, dada," mama akasema, akacheka kidogo. Akavuta kigoda, akapanda, akashusha fungu zima.

Shomari alikuwa karibu kulia. "Mama, si mwiko?"

"Ni mwiko. Nimeuweka mimi ili mpate cha kupanda. Lakini kile kichanga kisipoiona kesho, hiyo mwakani itakifaa nini? Aliyefunga ndiye anayefungua. Wewe usijaribu."

Akatwanga, akapika uji mwepesi, ukapelekwa kwa Bi Tatu ukiwa moto. Kesho yake akashusha fungu la pili. Maziwa yakaanza kutoka, kwanza kidogo, kisha mtoto akashiba na kulala, na kijiji chote kikajua kwa ule ukimya.

Mvua ziliporudi tulikuwa na mbegu za nusu ya shamba tu. Nusu ya pili mume wa Bi Tatu aliijaza mihogo, baada ya kutembea hadi Mkange kutafuta pingili, na hakuna aliyemtuma.

Leo mjini mbao zimejaa: usipite, usiketi, usiteme mate. Vijana wetu, mashaallah, wanazisoma bila kukwama, kisha wanapita. Siwalaumu sana. Ubao huwezi kuupigia hodi ukaueleza shida yako, wala hujui aliyeuandika anakutakia nini. Mama tulimwogopa, ndiyo. Lakini tulijua kwamba yule anayetukataza alikuwa akilala njaa pamoja nasi.