Farasi Niliowafuta Kitabuni

Kitabu cha Kiingereza nilichopewa kufundishia watu wazima pale Majengo, Nyeri, kilijaa farasi. Farasi anakula nyasi. Farasi amekula nyasi. Jana farasi alikuwa akila nyasi. Nilikasirika. Mwandishi gani huyu asiyejua kwamba kule Kieni, wanakotoka wanafunzi wangu, maji hubebwa na punda?

Basi nikachukua kalamu, nikafuta farasi wote, nikaandika "donkey". Darasa likacheka, nami nikajiona mwalimu wa maana. Tukaziimba zile sentensi kwa sauti moja, ukurasa kwa ukurasa, maana ndivyo sisi sote tulivyofunzwa shuleni: unaimba mpaka maneno yatoke yenyewe.

Mwanafunzi mmoja hakucheka. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Endarasha, mchuuzi wa maji kwa mkokoteni, na mgongo ulikuwa umeanza kumkataa. Siku ya kwanza aliniambia kwamba shamba moja karibu na Nanyuki linatafuta mtu wa kutunza wanyama, na mahojiano ni kwa Kiingereza. Asipoipata hiyo kazi, ni kurudi kwenye mkokoteni. Nikadhani ni ng'ombe. Sikuuliza. Yeye ndiye aliyeimba kuliko wote.

Siku moja baada ya mahojiano alikuja na mfuko wa viazi.

"Ilikuwa aje, mzee?"

"Walinipeleka kwa boma ya farasi, mwalimu. Ati niseme ile kitu naona. Nikaogopa. Mdomo ikaanza kuimba yenyewe: the donkey is eating grass, the donkey has eaten grass. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini."

"Ulijua kazi ni ya farasi?"

"Nilijua tangu mwanzo."

"Na mbona hukuniambia?"

"Sasa nitakosoa mwalimu aje? Wewe ndio umesoma."

Kazi alikuwa amepewa mtu mwingine. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mwanafunzi. Nilitaka kumwomba msamaha, maneno yakanikwama, mimi niliyezoea kuwafokea wengine waseme kwa sauti. Viazi nikavikataa, akaviweka mezani vivyo hivyo. Kisha akaniambia polepole, kwa Kiingereza alichokitunga mwenyewe: "Teacher, I am not angry."

Sentensi hiyo haikuwa na kosa hata moja. Heri angenitukana.