Viraka Visivyolingana vya Mama

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja pale Ng'ambo, Tabora, mkasi ulipokuwa umeshauma kitambaa na mimi nimesimama pembeni, jicho langu liko kwenye saa.

Sijafika umri wa mkongojo. Hamsini bado sijaigusa. Lakini njia nimezitembea: Kaliua, Uvinza, Kigoma, Mpanda, kote nimeuza vitenge. Babu zetu walikwenda pwani na kurudi na mizigo vichwani, nasi wajukuu wao damu haijatulia. Tembea uone, walisema. Nilitembea nikaona, nikasahau kwamba yupo anayetaka kuniona mimi.

Mama alifariki nikiwa Kigoma. Nilipofika nyumbani Cheyo, hukohuko Tabora, alikuwa amekwisha kuzikwa. Siku ya kugawana vitu vyake, shangazi Yustina, dada yake baba, alinikabidhi sanduku la bati.

"Mama yako hakuvimaliza hivi," alisema. "Wewe ni mtu wa nguo. Vitafutie kazi, vifae nyumba hii."

Ndani yake mlikuwa na vipande vya mraba, kila kimoja kimeshonwa kwa viraka. Kazi hiyo mama alijifunza kwa akina mama wa kanisani, na sote tulijua kwamba siku moja vitaunganishwa viwe blanketi. Ila havikulingana hata kidogo. Kimoja kilikuwa kikubwa kama sinia la pilau, kingine ungekifunika kwa kiganja. Chini kabisa nilikuta vitenge vyangu, vile nilivyokuwa nikimtumia mama kwa watu waliokuwa wakija Tabora. Vilikuwa vimekunjwa kama vilivyotoka dukani. Nilishangaa, lakini sikuuliza. Treni ya Kigoma ilikuwa inaondoka jioni, na mzigo wangu wa biashara ulikuwa umeshatangulia stesheni. Aliye na safari kichwani, mwanangu, haoni kilicho mkononi.

Nikavipeleka Ng'ambo kwa fundi Ndahani, Mgogo, mtani wetu. Alivimwaga juu ya mkeka, akavitazama, kisha akanitazama mimi.

"Nyie Wanyamwezi kubeba mnajua. Kupima ndiyo hamkujaliwa."

"Na nyie Wagogo mngejua kupima mngeanza na hiyo mvua ya kwenu isiyonyesha," nikamjibu. "Shona bwana."

"Nishone nini? Hiki mlango, hiki dirisha, hiki tundu la kuku."

"Kata vyote vilingane na hicho kidogo. Anza na hicho kikubwa, mishono ya ukingoni imepinda sana."

Akashika chaki, akasita. "Mtani, nyumbani umeuliza?"

"Niliyepewa ni mimi."

Basi akachora, akakata. Ukanda wa bluu ukaanguka mkekani. Wakati huohuo shangazi akatokea, mkononi ana michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga alizonifungia za njiani.

"Shikamoo mama," fundi akamwamkia.

Shangazi yangu alikuwa mtu wa kuitikia shikamoo hata ya mtoto anayepita mbio. Siku ile hakuitikia. Aliutazama ule ukanda, akaketi chini kwenye sakafu ya baraza, miguu ameinyoosha, kama watu wanavyoketi msibani.

"Nani kasema vikatwe?"

"Mimi, shangazi. Havilingani."

"Vitalinganaje? Nyie wenyewe mnalingana?"

Sikumwelewa. Akavuta kipande kimoja, akaweka kidole katikati.

"Hii hapa ni mbeleko. Kila kipande katikati yake ni mbeleko aliyombebea mtoto mmoja wenu. Mtoto akija nyumbani, mama yenu alikuwa anaomba kipande kidogo cha nguo aliyokuja nayo, anazungushia. Akija tena, anazungushia tena. Ndugu zako wote wanajua. Wewe ungejulia wapi?"

Nikautazama ule ukanda wa bluu. Ulitoka kwenye shati la kaka yangu Damiani, aliyeacha shamba lake Ulyankulu wakati wa palizi akaja kumuuguza mama. Nilikuwa nimemwona nalo msibani nilipofika nimechelewa.

"Huo ndio mshono wa mwisho wa mama yako," shangazi alisema. "Uzi nilimtungia mimi, mikono yake ilikuwa inatetemeka. Ndiyo huko kupinda unakokusema."

Fundi Ndahani aliweka mkasi chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Mimi nilikuwa nakitafuta kile kidogo. Kilikuwa na mbeleko ya madoa mekundu, na ukanda mmoja tu mwembamba. Ukanda wa sketi yangu ya shule.

"Na vitenge nilivyotuma?" niliuliza. "Nilituma kila mara."

"Nilimwambia mama yako hivyohivyo. Akasema nguo iliyotumwa si mtu aliyekuja."

Mwanangu, nimeshaibiwa mzigo Uvinza, nimeshalala porini gari likiwa limepinduka, lakini sijapata kushtuka namna ile. Ndugu zangu walionenepa kwa kurudi, nilikuwa nimeamuru wote wakatwe wafanane na mimi nisiyerudi. Na mmoja nilikuwa nimeshamkata.

"Usilie kwenye baraza la watu," shangazi aliniambia. "Chukua sindano."

Niliurudisha ukanda ule kwa mkono, nikifuata matundu yaleyale ya mama, nayo yalikuwa yamepinda kwelikweli. Treni iliondoka. Mzigo wangu ulikwenda Kigoma bila mimi.

Vipande vyenyewe tuliviunganisha juma lililofuata. Fundi alishauri kila kipande kidogo kizungushiwe amerikani, ile nguo nyeupe waliyobeba wazee kutoka pwani mpaka Ujiji, hadi kifikie kikubwa. Hakikukatwa tena hata kimoja. Changu kilikula amerikani kuliko vyote. Nikaomba angalau tujazie kwa vitenge vyangu.

"Hapana, pabaki peupe," shangazi alikataa. "Vitenge vyako vifanye bitana, vishike ndugu zako kwa nyuma."

Blanketi hilo liko Cheyo. Humfunika yeyote anayerudi.

Sasa nisikilize. Ukirithi kitu ukakiona kimepinda, usikitie mkasi kabla hujamuuliza aliyekuwepo kikishonwa. Kipande kisichoenea kiongezee, maana cha kuongeza kinapatikana sokoni, kilichokatwa hakiuzwi popote. Wala usijifanye wewe ndiye kipimo cha wenzako, huenda wewe ndiye mfupi kuliko wote. Usiache mbachao kwa msala upitao. Biashara ni msala, nami niliukimbilia. Na kama una mama, nenda. Usitume kitenge, wala pesa kwenye simu pekee. Nenda na nguo uliyoivaa, ukae mpaka achoke kuiona.

Mungu akufikishe kila uendako, mwanangu, na akurudishe kwenu mlangoni angali yupo wa kukuitikia hodi.